Bosi Haambiliki: Mwongozo Kamili wa Kufanya Kazi Kwenye Ofisi Iliyooza, na wa Kuondoka Salama

Zilikuwa kontena mbili za vigae. Bosi alipita mezani kwangu saa nne asubuhi, akagonga meza kwa kidole, akasema, "Zile za vigae usilipe kwanza, subiri." Nikasubiri. Nilikuwa mhasibu wa kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na kauli ya mkurugenzi ilikuwa amri. Siku kumi na moja baadaye siku za bure za kontena zilikuwa zimekwisha, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabiwa kwa dola, mteja anapiga simu anafoka. Kwenye kikao cha Jumatatu bosi akanigeukia mbele ya watu kumi na wawili: "Nani alikwambia usubiri?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la mdomo, na shahidi wangu alikuwa ile meza. Nikapewa barua ya onyo. Jioni yake fununu ikaanza kuzunguka kwamba gharama zote zitakatwa kwenye mshahara wangu.

Nilikaa pale miaka miwili zaidi, kisha nikaondoka na stahiki zangu zote. Kilichonivusha si ushujaa. Niligundua kwamba ofisi mbovu huendeshwa kwa mdomo: amri za mdomo, ahadi za mdomo, vitisho vya mdomo, hata kufukuzana ni kwa mdomo, "kesho usije." Anayeandika ndiye anayepona. Karibu kila hatua hapa chini inazunguka hapo.

Kabla hatujaanza, jambo moja. Upande wa sheria nimefuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, na nimemlenga mtu wa sekta binafsi. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake ya mwaka 2005, Kenya nayo ina yake ya mwaka 2007, na mtumishi wa umma ana ngazi zake za rufaa zinazopita Tume ya Utumishi wa Umma. Ukiwa huko, soma hatua za kujilinda, zile siku na asilimia uzitafute kwenye sheria yako.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ofisi, si msimu

Kazi ngumu na ofisi iliyooza ni vitu viwili. Mhasibu yeyote anajua mwisho wa mwezi hakuna anayecheka. Bosi anaweza kuwa mkali, hana salamu, na bado akawa mtu wa haki: anachokwambia leo ndicho atakachokuuliza kesho.

Chukua wiki mbili. Kila jioni andika mistari mitatu tu: nini kimetokea, nani amesema nini, umemalizaje. Wiki mbili zikiisha, soma kama unasoma habari za mtu mwingine. Ofisi iliyooza utaiona kwa mambo yanayojirudia. Amri hubadilika bila taarifa na kosa huwa la aliyeitii. Watu wawili wanafanya kosa lilelile, mmoja anachekewa, mwingine anapigwa barua. Chawa wa bosi wana nguvu kuliko wakuu wa idara. Ukiugua unaulizwa kazi yako anafanya nani. Mshahara unachelewa na kuuliza ni utovu wa nidhamu. Na jambo ambalo mimi nililipuuza sana: hesabu walioondoka. Pale kwetu meza ya afisa nyaraka ilikaliwa na watu wanne ndani ya miaka miwili, na kila mmoja alipoondoka tuliambiwa alikuwa mvivu.

Jiulize na wewe pia, bila kujionea huruma. Unachelewa? Kazi zako zinarudishwa kwa makosa yaleyale? Nilipofanya zoezi hili nilikuta mara tatu katika siku kumi lawama zilikuwa zangu kweli, nilikuwa nachelewesha marejesho ya fedha ndogo. Nikalirekebisha hilo kwanza. Usiingie vitani na bosi haambiliki huku una kosa halali anaweza kukushika nalo.

Hatua ya 2: Soma mkataba wako, halafu zijue namba

Watu wengi wana mkataba wasioujua. Wengine hawana kabisa, wameambiwa "utaletewa." Mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako: kazi yako ni ipi, umeanza lini, unafanyia wapi, saa ngapi, kwa mshahara gani. Kama huna, omba kwa barua pepe fupi na ya heshima, kisha hifadhi barua pepe hiyo hata isipojibiwa.

Halafu zishike namba hizi, kwa sababu ofisi mbovu inategemea wewe usizijue.

Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Angalizo: kama wewe ni meneja unayesimamia wenzako na unaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kipengele hiki cha saa hakikuhusu. Ndiyo maana ofisi nyingine hugawa vyeo vya "meneja" kama njugu. Kama cheo ni cha jina tu na huna unayemsimamia, hilo ni jambo la kubishania.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi una cheti cha daktari. Mtu wa mshahara wa mwezi, notisi ya kuvunja mkataba ni siku 28 angalau, na inambana mwajiri na wewe vilevile.

Sasa suala la kukatwa mshahara, lililoninyima usingizi wiki nzima. Mwajiri haamki tu akakata kufidia hasara. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akuandikie sababu, kiasi na namna alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga, nawe ukubali deni hilo kwa maandishi. Hata ukikubali, makato hayo kwa pamoja hayavuki robo ya mshahara wako wa fedha. Nilipolijua hili nikaandika mistari mitano kwa mkurugenzi, nikaomba kwa adabu nipewe hesabu ya hasara na maelezo ya kosa langu. Fununu ya makato ilikufa hapohapo.

Mwisho, angalia michango yako ya NSSF. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kuna ofisi zinakata kila mwezi na fedha hazifiki kwenye Mfuko. Usisubiri siku ya kuondoka ndiyo ujue. Omba taarifa ya akaunti yako leo.

Hatua ya 3: Geuza mdomo kuwa maandishi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bosi wa mdomo hatakubali kuandika. Ukimwambia "naomba uniandikie" utakuwa umetangaza vita. Basi mwandikie wewe. Akishatoa agizo mezani, ndani ya nusu saa tuma ujumbe wa namna hii:

"Habari za asubuhi Mkurugenzi. Kwa kumbukumbu ya maongezi yetu ya leo saa nne, nimeelewa kwamba malipo ya kontena mbili za vigae yasubiri hadi utakapoelekeza. Siku za bure zinaisha tarehe 14. Kuanzia tarehe 15 tutaanza kuhesabiwa demareji. Kama nimeelewa vibaya, naomba unirekebishe. Asante."

Uangalie vizuri. Hauna lawama wala woga. Una saa, una agizo, una tarehe ambayo mambo yataharibika, na umemwachia mlango wa kusahihisha. Asipojibu, ukimya wake una tarehe. Akijibu "sawa", umeshinda. Na mara nyingi, nakuapia, akiiona ile tarehe 14 imeandikwa, atakupigia mwenyewe akuambie ulipe.

Barua pepe ya ofisi ndiyo njia bora. Kama ofisi yenu inaishi WhatsApp, tumia WhatsApp, lakini umtumie yeye binafsi, usimuumbue kwenye grupu. Kuna mabosi hupenda ujumbe wa sauti kwa sababu hausomeki. Sikiliza, kisha jibu kwa maandishi: "Nimekusikia, kwa hiyo nifanye moja, mbili, tatu." Wengine wamewasha mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe. Hao wapige picha ya skrini siku ileile, tarehe na jina vionekane.

Pamoja na ujumbe, uwe na daftari. La karatasi, la kawaida, likae nyumbani. Kila tukio liandike siku lilipotokea: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe yalivyotamkwa, nani alikuwepo, wewe ulifanya nini. Usiweke sifa. "Alinidhalilisha sana" halimsaidii mtu yeyote. "Alisema 'wewe ni mzigo kwa kampuni hii' mbele ya dereva na dada wa mapokezi" ndilo linalosomeka hata baada ya mwaka. Tukio ambalo hukuliandika kwa siku tatu, andika pia kwamba umeliandika baada ya siku tatu. Daftari la kweli lina mapengo na siku zisizo na kitu.

Nini usifanye? Usibebe mafaili ya wateja kwenda nyumbani, usijitumie orodha ya bei wala hesabu za kampuni kwenye barua pepe yako binafsi, usitumie nywila ya mwenzako. Ukishikwa na hilo, kesi yako nzuri inageuka kuwa ya kwako wewe kujibu, na tangu mwaka 2022 tuna hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Beba vya kwako: mkataba, hati za mishahara, barua ulizoandikiwa na ulizoandika, tathmini za kazi, vyeti vya daktari. Kurekodi watu kwa siri nako sikushauri. Ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri una uzito kuliko saa nzima ya sauti za kelele.

Hatua ya 4: Kuishi humo kila siku

Bosi akifoka mbele ya watu, usimjibu mbele ya watu. Hili si unyonge. Kwetu sisi, mdogo akimjibu mkubwa hadharani, waliokuwepo husahau mkubwa alisema nini, wanabaki na lile la mdogo. Sema kwa sauti ya chini, "Samahani Mkurugenzi, naomba nije ofisini kwako tulizungumze." Kisha nenda kweli, siku ileile, na ukitoka mwandikie ujumbe wa kumbukumbu kama ule wa vigae.

Majungu yakimbie. Najua ni magumu, maana kwa mama ntilie saa saba mchana hakuna habari nyingine isipokuwa bosi. Kula, cheka, sikiliza, lakini usichangie. Maneno yako yatafika juu kabla hujamaliza kunawa mikono, tena yakiwa yameongezwa chumvi. Mtafute mtu mmoja tu, asiye msemaji, anayeona unayoyaona, mkubaliane kuwa mashahidi wa kila mmoja. Mmoja anatosha. Wakifika watano tayari ni kundi, na kila kundi lina chawa wake.

Kuna jambo halingoji hatua zozote. Bosi anayetaka ngono ili akupe kazi, akupandishe cheo au akuongezee mkataba anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hapo usianze na uongozi wa ofisi. Nenda TAKUKURU au piga 113, ni bure. Hifadhi ujumbe wote aliokutumia, hata ule uliokutia aibu. Na usikubali kwenda "kumtega" peke yako kwa akili zako. Wao wana utaratibu wao.

Hatua ya 5: Lalamika ndani, kwa ukurasa mmoja

Mtu wa rasilimali watu ni mwajiriwa wa bosi kama wewe. Anaweza kuwa mwema, lakini hakuajiriwa kukutetea, kwa hiyo usiende kumlilia. Mpelekee karatasi.

Ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: wewe nani, umefanya kazi tangu lini. Ya pili: matukio matatu yenye tarehe, si kumi na tano. Ya tatu: unaomba nini. Hapo kwenye kuomba ndipo wengi tunapokwama, tunaandika "naomba haki itendeke." Haki ipi? Andika "naomba maagizo ya malipo yatolewe kwa barua pepe", au "naomba saa 38 za ziada za mwezi wa tatu zilipwe", au "naomba barua ya onyo iondolewe kwenye faili langu kwa sababu hizi." Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Wakikataa kusaini, itume pia kwa barua pepe.

Kama bosi na rasilimali watu ni mtu na shemeji yake, jambo la kawaida kabisa kwenye kampuni za kifamilia, peleka bado. Hupeleki kwa matumaini ya kusikilizwa. Unapeleka ili siku ya siku usiulizwe kwa nini hukulalamika.

Kujiunga na chama cha wafanyakazi ni haki yako na huhitaji ruhusa ya bosi. Kwa maofisi ya biashara, viwanda, fedha na huduma kipo TUICO. Nitasema ukweli, matawi mengine yamelala. Lakini mwakilishi mmoja aliye macho anajua kanuni kuliko mawakili wengi wa mtaani, na anaruhusiwa kukaa pembeni yako kwenye kikao cha nidhamu.

Hatua ya 6: Ukipigwa barua

Barua ya kujieleza ikifika, mambo matatu. Ipokee. Kukataa kupokea hakuifuti. Saini kwamba umepokea, weka tarehe na saa, na kama fomu ina maneno ya kukiri kosa, andika kwa mkono "nimepokea tu, sijakubali yaliyomo." Kisha usijibu siku hiyohiyo huku mikono inatetemeka. Lala nayo, jibu ndani ya muda uliopewa, hoja kwa hoja, ukiambatisha zile ujumbe zako za kumbukumbu.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinakupa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, haki ya kujua tuhuma kwa lugha unayoielewa, na haki ya kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Ukiitwa saa tatu kwa kikao cha saa nne, nenda, lakini sema, na uombe iandikwe kwenye muhtasari, kwamba hukupewa muda na unaomba kiahirishwe.

Halafu kuna mtego mkongwe kuliko yote. Unaitwa pembeni, bosi ghafla kawa mpole, chai imeletwa. "Mdogo wangu, nakuonea huruma. Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tusikuharibie jina." Usiandike. Kijana mmoja wa idara ya usafirishaji aliandika, palepale, kwa kalamu ya bosi. Alipokwenda kudai, barua ikatolewa mezani yenye mwandiko wake: "Naacha kazi kwa hiari yangu." Mwambie tu, "Nashukuru Mkurugenzi, naomba nikafikirie na familia." Hakuna mkubwa wa Kiswahili anayeweza kukukatalia kwenda kushauriana na nyumbani.

Hatua ya 7: Mwili na mfuko

Ukianza kuhisi tumbo linakata kila Jumapili jioni, nenda hospitali, mweleze daktari na habari ya kazi pia, mwombe aandike. Shirika la Afya Duniani lilishautambua uchovu unaotokana na msongo wa kazini, kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, kama hali inayohusiana na ajira. Hujidekezi.

Mfuko ndio unaoamua utakaa muda gani. Wengi hatubaki kwenye ofisi mbovu kwa kupenda, tunabanwa na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Kama umeanza kufikiria kuondoka, usichukue mkopo mpya wala usiongeze ule wa zamani, hata wakikupigia kila siku kukuambia una sifa. Ulizia benki deni lililobaki ni kiasi gani na nini hutokea mshahara ukikatika. Kama uko kwenye kikoba, panga mgao wako uangukie karibu na mwezi wa kuondoka. Mimi nilijiwekea akiba ya kodi ya miezi sita na ada ya muhula mmoja. Ilinichukua miezi kumi na minne, na siku nilipoifikisha nilianza kulala.

Kazi mpya itafute kimya kimya. Usitumie kompyuta ya ofisi. Kwa wadhamini, weka bosi wa zamani au mteja anayekuheshimu, si huyu wa sasa, na kwenye barua ya maombi omba asiwasiliane na mwajiri wako kabla ya kukujulisha. Kwenye usaili ukiulizwa kwa nini unaondoka, jibu kwa sentensi moja, upite.

Hatua ya 8: Ondoka kwa siku uliyoichagua wewe

Kosa ghali kuliko yote ni kutoweka. Umechoka, unazima simu, huendi. Zikipita zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, umempa mwajiri kosa kubwa la kinidhamu mkononi. Na ukiacha bila kufanya kazi siku za notisi, anaruhusiwa kukata kwenye fedha zako kiasi cha mshahara wa siku hizo.

Barua ya kuacha kazi kwa kawaida iwe na mistari minne: unaacha, notisi inaanza lini, siku yako ya mwisho ni ipi, unaomba stahiki zako. Matusi na historia viache. Lakini kama unaondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, hapo usiandike "kwa hiari yangu." Taja sababu kwa kifupi na rejea malalamiko yako ya nyuma kwa tarehe zake. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuacha kazi huku ukweli ni kwamba amesukumwa, na hilo huhesabiwa kama kuachishwa. Ila mzigo wa kuthibitisha ni wako, nao ni mzito. Kabla ya kuandika barua ya namna hiyo, muone mtu wa chama au wakili.

Makabidhiano yafanye kama unamkabidhi mtu asiyekupenda. Mimi niliandika kurasa sita: mafaili, namba za ankara zinazosubiri, hundi, funguo, kompyuta, hali ya kila kontena na tarehe zake. Kila ukurasa ukasainiwa na aliyepokea. Wiki ya tatu nikiwa kazi mpya nikapigiwa simu, kontena la vipuri limeingia demareji, "wewe ndiye ulikuwa nalo." Nikatuma picha ya ukurasa wa nne. Simu haikupigwa tena.

Stahiki za anayeacha kazi: mshahara wa siku ulizofanya, fedha za likizo uliyoistahili na hukuichukua, na hati ya utumishi. Kama uliajiriwa mkoa mwingine ukaletwa huku, ulizia na usafiri wa kurudi. Kiinua mgongo cha kisheria, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapokuachisha, kwa hiyo aliyeacha mwenyewe asikihesabu kwenye bajeti. Fao la NSSF la kukosa ajira nalo halimlengi aliyeacha kwa hiari.

Hatua ya 9: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA

Ukiachishwa isivyo halali, au ukasukumwa hadi ukaacha, hesabu siku 30 tangu siku hiyo. Hizo ndizo ulizonazo za kufungua mgogoro. Kwa madai mengine, kama mishahara au saa za ziada ambazo hujalipwa, ni siku 60. Wengi tunazipoteza tukizungushwa: "njoo Ijumaa", "mhasibu amesafiri", "mzee atarudi mwezi ujao." Nenda huku ukiendelea kuahidiwa. Ukichelewa utalazimika kuomba kwanza uruhusiwe kuchelewa, na "niliambiwa nisubiri" si sababu inayowapendeza.

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ajue kwamba kinga ya kuachishwa isivyo haki haimhusu, ingawa mshahara wake anaweza kuudai.

Unaanza kwa kujaza fomu namba 1 ya CMA, na nakala unampelekea mwajiri, ukibaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Kufungua hakuna ada na si lazima uwe na wakili. Kuwa makini kwenye kisanduku cha aina ya mgogoro na kwenye kiasi unachodai, maana ukijaza vibaya utajikuta unabishania fomu badala ya kazi yako. Kwanza kuna usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na hapo ushahidi wako ndio utakaosema: daftari, ujumbe, barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Madai mengi yenye ushahidi huishia kwenye usuluhishi, mwajiri akishaona kurasa zimepangwa kwa tarehe. Mkikubaliana, soma fomu ya makubaliano mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Iandikwe kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipwa, akaunti ya benki, na siku ya kukabidhiwa hati ya utumishi. Wakisema "weka tu atalipwa hali ikikaa sawa", rudisha kalamu mezani na uombe tarehe.